Mahali Alipoumwa Baba Mkwe

Kiti kile nilikitengenezesha mimi. Nasema hivyo mapema nisije nikaonekana nimeficha jambo. Nilichora mchoro kwenye ukurasa wa daftari, nikampelekea fundi seremala wa huku Biharamulo ninakofundisha, na baada ya wiki mbili nikakipandisha juu ya basi, miguu juu, kwenda nacho Murukulazo, wilayani Ngara, kwa wakwe zangu. Njiani kondakta aliniuliza ni kiti gani chenye tundu kubwa hivyo katikati. Nikamwambia ni cha kuwekea mtungi wa maji.

Kilikuwa kiti cha choo. Choo cha wakwe zangu ni cha shimo, kizuri, kimejengwa kwa tofali za kuchoma na kina mlango wa bati, na mzee alikichuchumalia kwa miaka mingi bila lawama. Lakini magoti yake yalikuwa yameanza kugoma. Mke wangu ndiye aliyeniambia. Alisema siku hizi baba yake akiingia chooni anasikika akiomba kwa sauti, na si sala ya kawaida, ni ile ya mtu anayehitaji kuinuliwa.

Ugumu haukuwa kukitengeneza. Ugumu ulikuwa kukikabidhi. Baba mkwe wangu ni mzee wa kanisa, mrefu, mwenye koti moja la kahawia analolivaa hata akienda kukagua migomba. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni kwa mama yake, na Kiswahili chake, cha shule na cha sokoni, hakijawahi kukubaliana na herufi L. Mimi kwake ni Mwarimu. Katika miaka tisa ya kuwa mkwe wake tulikuwa tumezungumza mvua, kahawa, mnyauko wa migomba, mitihani ya darasa la saba na Neno la Mungu. Kitu chochote kilicho chini ya kitovu hakikuwahi kutajwa kati yetu, na sikuona namna ya kukiingiza.

"Hiki ni kiti cha nini, Mwarimu?" aliniuliza siku ile, akikizunguka.

"Ni cha magoti, baba."

Akachungulia lile tundu. Akaniangalia. Akachungulia tena.

"Magoti yanapita hapa?"

Mama mkwe, aliyekuwa anachambua mchele, alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge akaingia jikoni. Kiti kikabebwa hadi chooni, kikakaa juu ya tundu la shimo kana kwamba kilizaliwa pale, na baada ya mwezi mke wangu akaletewa habari kwa simu kwamba baba sasa anaingia chooni na gazeti la kanisa na haombi tena. Nilivimba kichwa kwa muda mrefu kuhusu kiti kile.

Yaliyotokea yalitokea likizo ya mwezi wa sita, mwaka uliofuata. Tulikuwa tumekwenda Murukulazo, mimi na mke wangu, kusaidia kuvuna maharage. Ilikuwa Jumamosi, kama saa mbili asubuhi. Maharage yalikuwa yametandazwa uani juu ya maturubai, jua limeanza kuyapata, nami nilikuwa nimekaa kwenye benchi nakunywa chai ya tangawizi, nikijifanya ninafukuza kuku.

Mlango wa bati ulifunguka kwa kishindo. Baba mkwe akatoka haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitoka mahali popote. Mkono mmoja ulikuwa umeshika suruali kiunoni, mwingine uko nyuma. Alisimama katikati ya ua, kati ya turubai na turubai, akatazama mbinguni.

"Baba, kuna nini?"

"Kuna kitu kimenichoma."

"Wapi, baba?"

"Huko."

"Huko chooni?"

"Ndiyo, huko chooni pia," alisema, na kwa hilo *pia* nikaanza kuelewa.

Nilimletea kigoda akae. Alikitazama kama mtu anayetukanwa, akasema atasimama tu, asubuhi njema hii, kwa nini watu wakaekae. Akanywa chai yake wima, ameegemea nguzo. Nilimuuliza kama amekiona hicho kitu kilichomchoma. Akasema hapana, ameona gazeti tu. Nikamuuliza kama ni nyuki. Akasema nyuki anamfahamu, yule si nyuki. Ilikuwa kama sindano moja ndogo, mwanzoni hata hakuijali, halafu ikaanza kuchoma kama pilipili.

Haikupita nusu saa mzaha ukaisha. Kijasho kilimtoka usoni na mikononi, asubuhi ile ya baridi yetu ya Ngara ambapo mimi mwenyewe nilikuwa na sweta. Akaanza kushika kiuno, kisha tumbo. Alijikunja. Nilipomshika ili asianguke nilisikia misuli ya tumbo lake imekaza kama ubao. Alikuwa anasaga meno, na mtu huyu ni yule aliyewahi kung'olewa jino bila ganzi akarudi nyumbani kwa miguu.

Hapo ndipo ilibidi tujue ameumwa wapi, na hapo ndipo tuliposhindwa. Mimi nilimuuliza, akanyamaza. Mke wangu akamuuliza, akasema yeye ni binti, anyamaze. Basi akaitwa mama. Mama akamwinamia, wakanong'onezana kwa Kirundi, mama akaguna. Akamwita mke wangu pembeni, akamwambia. Mke wangu akaja kwangu, akanivuta hadi nyuma ya banda la mbuzi, na pale, baada ya kuangalia huku na huku kana kwamba tunauza kitu cha wizi, akaniambia.

"Ameumwa pale anapokalia."

"Kwenye kiti?"

"Mume wangu, wewe ni mwalimu. Anakalia nini?"

Nikaelewa. Na nilipoelewa nikakumbuka nani alileta kiti.

Sasa, mimi ninafundisha sayansi. Mahali kama pale, mwalimu wa sayansi ni mtu wa kutegemewa katika kila jambo, kuanzia redio iliyokataa hadi ng'ombe aliyekataa kuzaa. Watu walikuwa wameanza kuingia uani, majirani watatu wanne, wakanitazama. Nikajikohoza. Nikasema kwa sauti ya darasani kwamba huyo ni mdudu mwenye sumu, pengine buibui, na jambo la kwanza ni kuosha pale kwa maji safi na sabuni, la pili ni kitambaa kilichochovywa maji baridi, la tatu ni kumpeleka mzee kituo cha afya, na tena haraka.

Jirani mmoja, mzee rika la baba mkwe, alikuwa tayari amekwenda kwake na kurudi na vifaa vyake: wembe mpya kwenye karatasi yake na jiwe jeusi la kunyonya sumu ya nyoka. Akasema sumu haioshwi na sabuni. Sumu hutolewa. Utachanja kidogo, utafunga kamba juu yake isipande, utabandika jiwe.

Nikaanza kueleza kwamba kuchanja kunaleta kidonda juu ya maumivu, na kwamba kamba inaweza kuua mguu mzima bila kuizuia sumu. Hakunisikiliza. Aliuliza tu, wembe mkononi, "Pako wapi nianze?"

Baba mkwe alifumbua macho. Maumivu yote yakamtoka kwa sekunde moja.

"Wembe wako hautafika huko," alisema.

"Na kamba tutaifunga wapi?" aliuliza mama, kwa upole kabisa, kama anayetaka kujifunza.

Yule mzee alifikiri. Alijaribu kupima kwa macho mahali pa kufunga kamba, juu ya pale mtu anapokalia, akaona ni kiuno. Akaurudisha wembe kwenye karatasi yake. Kwa heshima ya ujirani tukampa chai.

Mama alimwingiza mumewe ndani, akamwosha, akamwekea kitambaa cha baridi. Mimi nilikwenda chooni kumsaka mhalifu. Nilikuwa nimesoma kwamba ukiweza kumpeleka mdudu kwa tabibu bila kujihatarisha, au hata picha yake, unamrahisishia kazi. Nikachukua kopo tupu la mafuta ya kujipaka, nikavaa viatu vya mvua vya mzee, nikaingia na tochi ya simu.

Nikamwona. Alikuwa ukutani, mkubwa kama kiganja cha mtoto, bapa, kijivu, na miguu mirefu iliyotandazwa. Nilipomsogelea alikimbia upande upande kama kaa, nami nikamfuata, nikagonga kichwa kwenye kenchi ya paa, nikateleza kidogo, na hatimaye nikamfunika na kopo. Nilitoka nje nimelibeba juu kama kikombe cha mpira wa miguu. Majirani walisogea, wakamwona, wakashika vifua. Mama alitoka mlangoni, akatazama kopo langu kwa muda mrefu kidogo, akasema, "Ahsante, mwanangu," akachukua taulo na kuelekea chooni na ufagio. Nilidhani anakwenda kupasafisha.

Simu yangu ikaita. Alikuwa shemeji, dada wa mke wangu aliyeolewa Mwanza. Mtu tayari alikuwa amempigia.

"Shemeji, nasikia baba anaumwa."

"Ndiyo, ameumwa."

"Anaumwa nini?"

"Ameumwa na buibui."

"Nakuuliza anaumwa nini, shemeji. Malaria?"

"Hapana. Buibui. Amemuuma."

"Nani amemuuma?"

"Buibui!"

Nikasikia akimwambia mumewe kwamba hata shemeji sasa ameanza kuchanganyikiwa. Halafu akarudi, akauliza kwa sauti ya kubembeleza, "Haya. Amemuuma wapi?"

Nilikuwa nimezungukwa na majirani sita. "Chooni," nikasema, nikakata simu.

Suala la usafiri lilikuwa gumu vilevile. Bodaboda wapo, wawili walikuwa wamekwisha kusimama barabarani wakisubiri, lakini bodaboda ni chombo cha kukaliwa. Mzee alikitazama kiti cha pikipiki, kile cheusi chenye joto la jua, akatikisa kichwa. Bahati ikapita pikapu ya mfanyabiashara wa ndizi aliyekuwa anaelekea huko huko tunakokwenda. Tukatandika majani ya migomba juu ya mikungu, juu yake blanketi, na mzee wa kanisa akalazwa kifudifudi, koti lake la kahawia likimfunika hadi miguuni. Mama na mke wangu walikaa upande mmoja, mimi upande wa pili na kopo langu.

Ilikuwa siku ya mnada na watu walikuwa wengi njiani. Kila tulipopunguza mwendo kwenye makorongo, walimtambua kwa koti.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba," alijibu kutoka kwenye ndizi, bila kuinua uso.

"Mzee anaumwa?"

"Anapumzika," alisema mama.

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Tukiwa katikati ya safari misuli ilimkamata tena, tumbo na mgongo, na akanyoosha mkono akatafuta kitu cha kushika, akapata kifundo cha mkono wangu. Katika miaka yote ile tulikuwa tumepeana mikono tu, kwa adabu, yeye amesimama nami nimeinama kidogo. Sasa alinibana hadi vidole vyangu vikafa ganzi.

"Mwarimu," alisema.

"Naam, baba."

"Ikitokea neno, yare maharage yasinyeshewe."

"Hayatanyeshewa, baba. Ni mwezi wa sita."

"Na ya mbegu myatenge. Wasije wakapika ya mbegu."

"Tutayatenga."

Nikaona mke wangu amegeuza uso upande wa barabara. Mimi nilikuwa ninamwomba Mungu, na ninakiri sikuomba kwa ajili ya mzee peke yake. Niliomba pia nisiwe mtu aliyemuua baba mkwe wake kwa zawadi. Nilikuwa nikijiuliza tutasema nini msibani, na kiti kile kitawekwa wapi.

Kwenye kituo cha afya alitupokea tabibu binti, mdogo kuliko mke wangu, miwani usoni na kalamu nywelani. Mzee alilazwa kwa ubavu kwenye kitanda cha chumba cha kwanza. Sisi tulisimama mlangoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu."

"Pole sana. Umeumwa wapi, babu?"

"Nyumbani."

"Sawa. Wapi hasa?"

"Murukurazo."

Tabibu aliandika, kisha akafuta. "Mwilini, babu. Mwilini umeumwa wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma ya mguu?"

"Hapana. Nyuma."

"Nyuma ya nyumba?"

"Nyuma yangu mimi!" alifoka mzee, na ikawa mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia akifoka.

Yule binti hakucheka. Ninamheshimu mpaka leo kwa hilo. Aliniangalia mimi na mke wangu, akavuta pazia, akabaki na mama ndani. Tulimsikia akiuliza maswali moja baada ya jingine kwa sauti ya chini: yalianza saa ngapi, amepumua vizuri, kifua kinabana, ametapika, ana shinikizo la damu, anatumia dawa gani. Tukasikia mashine ya kupima presha ikivuma. Kisha akatoka, akaniuliza kama kuna yeyote aliyemwona mdudu.

Nilikuwa nimeisubiri saa hii. Nikamkabidhi kopo.

Alilifungua kidogo, akachungulia, akalifunga.

"Wewe ni nani kwa mgonjwa?"

"Mkwe. Mimi ni mwalimu," nikaongeza, "wa sayansi."

"Sawa, mwalimu. Huyu hana kosa. Huyu ni wa ukutani, kazi yake kula mende na mbu. Hata ungemlazimisha asingemfanya mzee vile. Mwachie aende."

Nilisikia masikio yangu yakipata moto. Nikamwambia labda yule mwenyewe amekimbia. Ndipo mama, akiwa nyuma ya pazia, alipokohoa.

"Mjukuu wangu," alisema, "hebu angalia na hiki."

Akafungua fundo la kitenge kiunoni, akatoa chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, safi, yenye kifuniko kilichotobolewa kwa sindano. Alikuwa nayo tangu nyumbani. Alikuwa amekaa nayo kwenye pikapu mwendo wote ule, amenitazama nikilipakata kopo langu kama mtoto mchanga, na hakusema neno. Nilipomuuliza baadaye, kwa kupitia mke wangu, kwa nini hakuniambia, jibu lilirudi kwamba mkwe haaibishwi mbele ya majirani. Mbele ya tabibu, inaonekana, ruksa.

Tabibu aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaniita. "Njoo uone, mwalimu, ukawafundishe watoto."

Alikuwa mdogo. Hilo ndilo lililonishangaza. Tumbo lake lilikuwa la mviringo, ukubwa wa punje ya mbaazi, la kahawia lenye madoadoa, na miguu yake myembamba ilikuwa na mistari, hafifu kisha nyeusi, hafifu kisha nyeusi. Ungemwona ukutani usingesimama hata kumtazama. Tabibu akaigeuza chupa polepole, na kwa chini, kwenye tumbo, nikaona alama ya rangi ya machungwa yaliyoiva, imebanwa katikati, kama pembe tatu mbili zilizogusana kwa ncha.

"Hiyo alama," alisema. "Ukiiona, mkono wako uwe mbali. Yupo pia ndugu yake mweusi, yule ni mkali zaidi. Hawapendi ukutani. Wanapenda chini ya vitu, mahali penye giza pasipoguswa. Mama, ulimtoa wapi?"

"Chini ya kiti," alisema mama. "Pale ndani ya tundu, kwenye ukingo. Utando wake hauna mpango, ni nyuzi zimevurugika tu, lakini ni mgumu, ukiuvuta kwa kijiti unalia unapokatika. Kulikuwa na vifuko vya mayai viwili, vina miiba miiba."

"Ni yeye," alisema tabibu. "Hana hasira na mtu. Alibanwa akajitetea."

Hakuna aliyesema kiti cha nani. Mke wangu alikanyaga mguu wangu kidogo.

Tabibu alitueleza kwamba sumu ya huyu haiozeshi nyama; inachezea mishipa ya fahamu, ndiyo maana misuli inakaza na jasho linatoka, na ndiyo maana wengine huletwa pale wakidhaniwa wana kidole tumbo. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hupona. Wanaohofiwa zaidi ni watoto wadogo na wazee, basi mzee angebaki pale hadi kesho wakimwangalia presha na pumzi, na ikibidi wangempa rufaa. Akampa sindano ya kutuliza maumivu, dawa ya kulegeza misuli, na sindano ya pepopunda kwa sababu hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho alipochomwa. Alituuliza kama kuna aliyemchanja. Mama akasema palikuwa na nia, ila palikosekana mahali. Hapo tabibu alicheka, aligeukia dirishani akacheka mpaka miwani ikateleza.

Ile sindano ya pepopunda, nasikia, mzee alitaka achomwe mkononi, na akashika mkono mwenyewe kuhakikisha.

Kufikia alasiri tumbo lilikuwa limelegea. Aliomba uji, akaunywa akiwa amelala kwa ubavu. Kesho yake asubuhi maumivu yalikuwa yamebaki kiunoni na pale penyewe tu, pekundu kidogo, kama chunusi, kwa maelezo niliyoyapata kwa njia ya kawaida, yaani mama kwa mke wangu na mke wangu kwangu. Tukarudi naye nyumbani kwa gari lenye viti, chini yake mito miwili.

Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, na tulipomfikisha kitandani nilibaki mlangoni nikayatoa yote: kwamba kiti ni changu, kwamba sikufikiri, kwamba ningepaswa kuwaambia wawe wanakipindua na kukifagia kwa chini, kwamba nitakichoma moto leo hii.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwarimu," alisema. "Uritaka binti yangu, nikakupa. Mbuzi nirikupa. Sasa uritaka na hiyo sehemu?"

Nilichukua muda kuelewa kwamba ananitania. Hakuwahi kunitania. Alikuwa amelala kifudifudi, uso ukutani, na mabega yalikuwa yakitikisika. Mke wangu aliponijia nyuma na sahani alinikuta ninacheka na kufuta machozi, na akadhani mzee amezidiwa.

Alinikataza kuchoma kiti. Alisema kiti hakina kosa, na magoti bado ni yale yale. Tulikitoa nje juani, tukakipindua, mama akavichoma vile vifuko vya mayai kwa kijinga cha moto, tukakisugua kwa maji ya sabuni, nami nikapaka chokaa sehemu yote ya chini ili kitu chochote cha rangi ya kahawia kionekane. Tangu hapo anayeingia hukigonga kwanza kwa kijiti na kukiangalia kwa chini. Mama alipitisha ufagio hadi kwenye ghala, nyuma ya magunia, ndani ya viatu vya mvua, chini ya mizinga ya nyuki. Akampata mwingine mmoja, chini ya debe la kumwagilia. Wa ukutani aliwaacha wote.

Siku ya nne mzee alikuwa shambani. Siku ya nane alirudi kanisani, akakaa mwenyewe kwenye benchi la mbao bila mto, na wanaojua walimtazama akikaa.

Habari ilikuwa imeenea, na watu walitaka kuisikia kutoka kwake. Aliisimulia, na aliisimulia vizuri. Jumapili ile aliwaambia kuwa buibui alimuuma pajani. Niliposikia sikushtuka, paja si mbali. Lakini tuliporudi likizo ya mwezi wa tisa nilimkuta akimsimulia mgeni kutoka Nyamiaga, na sasa alikuwa ameumwa kiunoni, akiwa amebeba kuni. Buibui naye alikuwa amekua, mguu wake mmoja ulifika hapa, akaonyesha kiwiko.

Disemba kulikuwa na harusi Ntobeye, upande wa shangazi wa mke wangu. Tulikaa chini ya turubai, pilau limeshaliwa, na wazee wakaanza kuulizana habari za mwaka. Baba mkwe akaombwa atoe ile ya buibui. Akavua koti. Akasimulia jinsi alivyokuwa anavuna maharage, jinsi alivyohisi mchomo, jinsi alivyomshika yule buibui kwa vidole viwili akamgeuza na kuiona alama nyekundu tumboni, akasema moyoni, huyu ninamfahamu. Alieleza mambo yote kwa usahihi mkubwa: sabuni na maji, kitambaa baridi, wembe hapana, kamba hapana, kituo cha afya mara moja, na mdudu ndani ya chupa. Nilimwona kijana mmoja akisikiliza kwa makini kabisa, nikafikiri kwamba sijawahi kufundisha kipindi kikaingia vichwani namna ile.

"Na alikuuma wapi, mzee?" aliuliza mama mmoja.

Baba mkwe alikunja mkono wa shati. Kwenye mkono wake wa kushoto, chini ya kiwiko, kuna kovu refu la panga, la zamani, alilolipata kabla hata mke wangu hajazaliwa. Akaliweka mezani katikati ya sahani ili wote walione. Watu wakasogea. Wakaguna.

"Muurizeni Mwarimu," alisema. "Yeye arikuwepo. Ni mtu wa sayansi."

Meza nzima ikanigeukia. Mama mkwe alikuwa amejifunika mdomo kwa kitenge. Mke wangu alikuwa ameutafuta mguu wangu chini ya meza.

Nililitazama lile kovu kwa utaratibu, kama ninavyotazama kazi ya mwanafunzi.

"Ndiyo," nikasema. "Limepona vizuri sana."